Hofu ya popobawa na damu ya mgeni: Uislamu wasemaje?

  

Mpenzi msomaji, ni nadra kuikuta nyumba katika mwambao wetu isiyokuwa na kisa chake cha usiku. Huyu bibi yake alimwona mwanamke mrefu amesimama chini ya mbuyu. Yule alikabwa kifuani alfajiri hata ulimi ukamwia mzito kutamka Bismillahi. Mwingine aligongewa mlango saa nane za usiku, na alipouliza ni nani hakujibiwa. Visa hivi husimuliwa barazani baada ya sala ya Isha, watoto wakisikiliza huku wamejifunika kanga za mama zao, na siku hizi husimuliwa pia kwa sauti zilizorekodiwa na kurushwa katika makundi ya simu, zikafika Tanga, Mombasa na Muscat kabla ya jua kuchomoza.

Ijumaa hii hatukukusudia kupima ukweli wa kila kisa. Tunalo swali zito zaidi: Mwislamu aliyejawa na hofu ameruhusiwa kufanya nini, na mpaka wake uko wapi? Swali hili lina uzito kwa sababu hofu ya namna hiyo imekwisha kutoa roho za watu wasio na hatia katika nchi yetu hii, na si mara moja.

Tuanze na msingi wa akida. Majini wapo. Mwenye kuwakanusha anakanusha Qur'ani, ambayo ndani yake imo sura nzima yenye jina lao, na katika Suratul A'raf, aya ya 27, tunaambiwa kuwa shetani na kabila lake wanatuona kutoka mahali ambapo sisi hatuwaoni. Ama kusema kwamba roho ya marehemu fulani imerudi inazurura uani kwake, hilo halina nafasi katika mafundisho yetu. Suratul Mu'minun, aya ya 100, inaeleza kuwa mbele ya waliokufa kipo kizuizi, nacho ni barzakh, mpaka siku watakayofufuliwa. Waarabu wa zama za ujahilia nao walikuwa na zimwi lao la jangwani, ghul, waliyeamini kuwa hujigeuza sura na kuwapoteza wasafiri njia. Mtume (S.A.W.) aliikanusha imani hiyo katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, na wanazuoni kama Imam an-Nawawi wamefafanua kuwa kinachokanushwa ni ule uwezo wa kujigeuza na kupoteza watu. Waarabu hao hao walipolala bondeni usiku walizoea kuomba ulinzi kwa jini mkubwa wa bonde lile. Suratul Jinn, aya ya 6, inasema kuwa jambo hilo liliwazidishia tabu tu. Aliyewahi kumwona jirani yake akipeleka ubani na kuku mweusi pangoni, kisha akarudi na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo, ataielewa aya hii bila ya tafsiri ndefu.

Yaliyotokea Zanzibar mwaka 1995

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka miezi ya mwanzo ya mwaka 1995, ukiwemo mwezi mtukufu wa Ramadhani. Khofu ilianzia Pemba, ikavuka kuingia Unguja, kisha habari zake zikaenea hadi Dar es Salaam na Mombasa. Ilisemwa kuwa yupo shetani aitwaye popobawa, kwa kivuli chake kinachofanana na bawa la popo, anayeingia majumbani usiku, anamlemea mtu kitandani asiweze kujitikisa wala kupiga kelele, na anamtendea mambo ambayo ukurasa huu unaosomwa na familia nzima hauwezi kuyaeleza. Watu walihama vitandani. Familia zililala nje kwa makundi, zimezunguka moto, wanaume wakikesha. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi visiwani tangu Mapinduzi ya 1964, basi wapo walioliingiza jambo lile katika siasa, kila upande ukiunyooshea kidole upande wa pili. Khofu ile ilirudi tena mwaka 2001, na mwaka 2007 ikazungumzwa sana Dar es Salaam.

Tazama sasa zile dalili zenyewe: mtu yumo kitandani, macho yako wazi, kifua kimelemewa, viungo vimekataa, na anahisi kabisa kuwa chumbani yumo mwingine. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya popobawa kupewa jina, wakaliita jinamizi. Madaktari nao wana maelezo yake. Mtu anapokuwa katika ule usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili asije akayatenda anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na kwa sekunde kadhaa au dakika moja na zaidi mtu hubaki baina ya ndoto na macho, anaona chumba chake cha kweli na ndani yake yumo kiumbe wa ndotoni. Hali hii huwapata zaidi wanaolala chali, wenye usingizi wa kukatika-katika, na wenye mawazo mengi. Basi fikiri: kijiji kizima kimekesha siku kumi kwa hofu ya jinamizi. Usingizi wao utakuwaje siku ya kumi na moja?

Sisemi kuwa maelezo ya daktari yanafuta habari za shetani. Shetani hamwachi binadamu akiwa macho, atamwacha usingizini? Ninachosema ni kuwa Sunna imetupa dawa inayofaa kwa hali zote mbili, na wengi wetu tunaijua lakini tunaipita kwenda kutafuta hirizi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya al-Bara' bin Azib, alifundisha kutawadha kabla ya kulala na kulala kwa ubavu wa kulia. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba kila usiku alikusanya viganja vyake, akavipulizia, akasoma Ikhlas, Falaq na Nas, kisha akajipangusa mwilini alipoweza kufika, akianza na kichwa na uso, mara tatu. Na anayeona jambo la kumtisha usingizini ateme kwa kupuliza kushotoni kwake mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari ya shetani, na ageuke ubavu mwingine.

Kisha likaja agizo ambalo ndilo ninalotaka tulitie maanani: asimhadithie mtu. Hivyo ndivyo ilivyo katika hadithi ya Abu Qatada, na Mtume akasema kuwa kwa kufanya hivyo halitamdhuru. Imam Muslim amepokea pia habari ya bedui aliyekuja kueleza kuwa ameota kichwa chake kimekatwa, kinabingirika, naye anakikimbilia. Mtume (S.A.W.) alimkataza kuwasimulia watu namna shetani anavyomchezea ndotoni.

Sasa linganisha na yaliyosemwa wakati wa popobawa. Ilienezwa kuwa aliyevamiwa lazima awatangazie watu yaliyompata, na kwamba akinyamaza shetani yule atamrudia. Huyo shetani, kama ni shetani, aliamrisha kinyume cha neno la Mtume, na watu wakamtii! Kwa utii huo kisa cha nyumba moja kikawa cha mtaa, cha mtaa kikawa cha mji. Ndoto ya mtu mmoja ikipewa ulimi huota kila kitandani.

Katika siku zile za 1995, mjini Unguja, umati ulimkamata kijana mmoja ukadai kuwa yeye ndiye popobawa. Ukampiga mpaka akafa. Ilibainika kuwa alikuwa mgonjwa wa akili aliyetoka Bara kuja visiwani kutafuta matibabu.

Mgeni mwenye gari na vifaa

Kwa upande wa Bara jinamizi letu lina umbo la mtu wa mchana. Neno mumiani lilitujia kutoka Kiajemi na Kiarabu, nalo asili yake ni jina la dawa nyeusi mfano wa lami. Hapa kwetu watu waliamini kuwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na hatimaye jina la dawa likawa jina la mwenye kuinyonya damu hiyo. Zama za ukoloni ilisemwa kuwa wapo watu wa serikali wanaotembea usiku kukamata watu. Kenya na Uganda walioshukiwa walikuwa wazimamoto na magari yao mekundu. Mwaka 1959 pale Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia, na askari polisi mmoja akauawa.

Ungedhani mambo haya yameondoka pamoja na taa za vibatari. Oktoba 2016, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ikapigwa kelele kuwa ni wanyonya damu. Kipaza sauti kikawaita wanakijiji, wakaja na silaha za jadi, wakawaua watu watatu wale na kuwachoma moto pamoja na gari lao. Walikuwa na familia, na kazi waliyoifuata ilikuwa ni kumsaidia mkulima ajue ardhi yake inahitaji nini.

Gazeti linapoandika habari kama hii hutumia maneno tuliyoyazoea: waliuawa na wananchi wenye hasira kali. Siyapendi maneno hayo. Yanaifanya hasira iwe kama mvua, imenyesha tu, hakuna aliyeileta. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipoletewa habari ya kundi la watu walioshirikiana kumuua mtu mmoja huko Yemen, aliwahukumu wote kwa roho ile moja, na akasema kuwa lau watu wote wa San'a wangeshirikiana, angewahukumu wote. Imam Malik ameipokea habari hiyo katika Muwatta. Mwenye kurusha jiwe la ishirini asijidanganye kuwa aliyeua ni wa kwanza.

Tena tazama jinsi jambo lenyewe linavyoanza. Linaanza na sauti. Suratun Nisaa, aya ya 83, inawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, na inasema kuwa lau wangelirejesha kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao, wale wanaoweza kulichunguza wangelijua undani wake. Aya hii iliteremshwa kabla ya kipaza sauti na kabla ya simu ya mkononi, na ukiisoma utadhani inavizungumzia. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inataka habari ichunguzwe ili tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukaamka tukijuta.

Usiku mmoja watu wa Madina walisikia sauti kubwa wakafazaika. Walitoka kuelekea ilikotoka sauti, wakakutana na Mtume (S.A.W.) akiwa anarudi. Yeye alikwisha kutangulia peke yake, juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga ukining'inia shingoni. Akawaambia wasiogope. Anas bin Malik ndiye aliyeisimulia, na imo katika Bukhari na Muslim. Angalia mpangilio wake: alikwenda kuona kwanza, akiwa tayari kujilinda, kisha akawapa watu habari waliyoihitaji. Upanga ulirudi kama ulivyokwenda.

Qur'ani yenyewe inatueleza mara tatu habari ya mtu mwema kukutwa na mgeni wa kutisha, na mara zote tatu inaitaja ile hofu bila ya kuionea haya. Nabii Ibrahim (A.S.) aliingiliwa na watu asiowajua. Aliwarudishia salamu, akawaletea ndama wa kuchoma, na alipoona mikono yao haikigusi chakula, hofu ikamwingia moyoni. Bibi Maryam akiwa faraghani alitokewa na mwenye sura ya mwanamume kamili. Alijikinga kwa Mwingi wa Rehema na akamkumbusha uchaji Mungu. Nabii Daud (A.S.) alishtukizwa na watu wawili walioruka ukuta wa mihrabu yake. Hakika mtu anayeruka ukuta usiku katika mitaa yetu anajua kitakachompata! Daud alifazaika, kisha akawasikiliza shauri lao. Wageni wa Ibrahim na yule wa Maryam walikuwa malaika, na wafasiri wengi wamesema hata wale wa Daud walikuwa malaika.

Najua ndugu atauliza: na mwizi wa kweli je? Na anayeiba watoto? Mwanzoni mwa mwaka 2019, mkoani Njombe, watoto wadogo waliibwa na kuuawa, na hofu ya wazazi wa kule haikuwa uzushi. Uislamu haututaki tuwe wapumbavu. Vitabu vyetu vya fiqhi vina mlango maalumu wa kumzuia mshambuliaji, as-sail, na waliosoma Minhaj ya Imam an-Nawawi wanaujua. Mtu anayo haki ya kuilinda nafsi yake, watu wa nyumbani kwake na mali yake. Lakini kanuni ya mlango huo ni kuanza na lililo jepesi. Akizuilika kwa maneno au kwa kuwaita watu, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haramu kutumia fimbo. Akizuilika kwa fimbo, haramu kutumia panga. Na akikimbia, au akishashikwa akafungwa, hapana tena cha kuzuia. Pigo linaloanguka baada ya hapo ni dhuluma, na akifa, aliyepiga ana damu shingoni. Hii ni hukumu ya mwizi aliyeingia kweli. Mgonjwa wa akili anayezungumza peke yake njiani, au mgeni aliyepotea njia, au mtafiti mwenye koleo na mifuko ya udongo, hukumu yake iko wapi?

Mgeni naye ana wajibu wake. Suratun Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba za watu mpaka ruhusa iombwe na salamu itolewe. Jabir bin Abdillah (R.A.) alibisha hodi kwa Mtume, akaulizwa ni nani, akajibu: mimi. Mtume (S.A.W.) akawa anayarudia maneno hayo, mimi, mimi, kama aliyechukizwa nayo. Anayegonga mlango usiku ataje jina lake na la baba yake. Anayefika kijijini kwa kazi aanze kwa sheha au kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtume mwenyewe, alipoonwa usiku na Maansari wawili akimsindikiza mwanamke, aliwasimamisha akawajulisha kuwa yule ni mkewe Safiyya.

Kuhusu watoto nina maneno machache. Mtume (S.A.W.) ameagiza wazuiwe ndani linapoingia giza la magharibi, na milango ifungwe kwa kutaja jina la Allah. Hili linatosha, hakuna haja ya kuwatia usingizini kwa kuwaambia kuwa mumiani anakuja na gunia. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi hiyo ndiye kijana atakayepiga kelele za mnyonya damu siku akiona gari geni. Mfundishe mambo anayoyaweza: asimfuate mtu asiyetumwa na wazazi wake, akimbilie penye watu, na amweleze mama yake kila anayemshika asivyopenda, hata awe ni jamaa au mwalimu, maana aghlabu anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua. Na vijana wanaojitanda shuka nyeupe kichochoroni wakaruka mbele ya wapita njia waelezwe kuwa mchezo wao una hukumu. Sahaba mmoja alichukuliwa kamba yake usingizini kwa mzaha, akagutuka kwa hofu, na Mtume (S.A.W.) akasema kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Abu Daud ameipokea.

Namalizia na kisa cha Abu Hurayra (R.A.), ambacho Imam al-Bukhari amekiweka katika Sahihi yake. Abu Hurayra alikabidhiwa kulinda chakula cha zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu asiyemjua, akaanza kuchota kwa viganja. Alimkamata, akamwambia kuwa atampeleka kwa Mtume. Mgeni akalalamika kuwa ana shida na watoto wanamtegemea; Abu Hurayra akamhurumia akamwachia. Asubuhi Mtume (S.A.W.) akamwuliza habari za mfungwa wake wa jana, akamwambia kuwa amesema uongo na atarudi. Akarudi usiku wa pili, ikawa kama mara ya kwanza. Usiku wa tatu Abu Hurayra akakataa kabisa kumwacha, na mgeni akajikomboa kwa kumfundisha kuwa akisoma Ayatul Kursiy anapokwenda kulala, atakuwa na mlinzi kutoka kwa Mwenyezi Mungu na shetani hatamkaribia mpaka asubuhi. Kulipokucha akamweleza Mtume. Mtume (S.A.W.) akamjulisha kuwa safari hii yule mtu amesema kweli ilhali ni muongo mkubwa, kisha akamjulisha kuwa aliyekuwa akizungumza naye siku tatu zile ni shetani.

Basi huyo alikuwa shetani kweli, aliyeshikwa kweli akiiba usiku, mara tatu, tena mali ya maskini. Katika riwaya yote hiyo halikutajwa pigo hata moja.

Wallahu a'lam.